Vumbi la Johannesburg na Wazee wa Rungwe

Dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, imo ndani ya mwamba mgumu wenye silika nyingi. Mashine za kutobolea miamba zilipoingia katika miaka ya 1890, mwamba ule ukawa unasagwa kuwa vumbi jembamba mno. Likivutwa, hufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kuacha makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo ndio silikosisi. Hauna tiba, na hukifungulia kifua kikuu mlango.

Wenye migodi walijua mapema. Vita vya Makaburu na Waingereza vilipokwisha mwaka 1902, ilibainika kuwa zaidi ya Wazungu 200 waliokuwa wakiendesha mashine hizo walikuwa wamekwisha kufa. Tume ikaundwa, maji yakaanza kutumiwa kutuliza vumbi, na mwaka 1911 ikapitishwa sheria ya fidia. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani likawakutanisha mabingwa papo hapo Johannesburg kuujadili ugonjwa huu.

Lakini Mwafrika alikuwa mtu wa mkataba. Ukiisha, anarudi kwao. Silikosisi nayo huchelewa, mara nyingi miaka mingi. Basi mtu alikohoa na kuzikwa kijijini, na mgodi haukumhesabu kamwe. Huu ndio uovu mkubwa katika historia hii. Hata fidia ilitofautishwa kwa rangi, na sheria haikurekebishwa hadi mwaka 1993.

Miongoni mwa watu hao wa mkataba walikuwamo vijana wa Rungwe, Tanganyika, walioandikishwa na WENELA, shirika lililotafutia migodi hiyo wafanyakazi, hadi kipindi cha uhuru.

Mchimbaji mmoja, Thembekile Mankayi, alichimba dhahabu tangu 1979 hadi 1995, mapafu yakaharibika, akalipwa randi 16,320. Akafungua kesi. Machi 2011 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba alikuwa na haki ya kuishtaki kampuni ya mgodi. Yeye alikuwa amefariki siku chache kabla. Hukumu hiyo ilifungua njia ya mapatano ya fidia ya mwaka 2018, ya takriban randi bilioni 5. Yanawahusu waliofanya kazi kuanzia 12 Machi 1965. Wazee wa Rungwe walioacha migodi kabla ya tarehe hiyo hawamo.

Leo vijana wetu wanatoboa mwamba Mirerani, Geita na Chunya. Wenye mashimo, toboeni kwa maji. Njia hiyo imejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Nawe uliyewahi kuchimba, ukikohoa, mwambie daktari kazi uliyoifanya kabla hajakuuliza.