Muziki wa mashine: kinachopotea wimbo ukibanwa

Mu muji wa Kalemie, nyimbo mingi zinatembea mu telefone, kadi ya memori na WhatsApp. Ili zitembee vyepesi, zinabanwa. Wimbo wa dakika 5 ulio kwenye CD unachukua karibu mega 53. Ukiwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, unabaki karibu mega 5.

Zile zingine zinaenda wapi? MP3, ambayo watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walichangia sana kuitengeneza, inatupa sauti ambazo sikio halizishiki vizuri, kama vile sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa. Kwa sauti ya mutangazaji, watu wengi hawatambui tofauti.

Muziki wa mashine ni kitu ingine. Singeli ya Dar es Salaam inaweza kupita mapigo 200 kwa dakika, na kila pigo linaanza gafula. MP3 inakata wimbo vipande vipande; kosa dogo linaenea mu kipande kizima, hata mbele ya pigo lenyewe. Ngoma inapoteza makali. Konono N°1 ya Kinshasa, iliyojulikana inje kwa albamu Congotronics, inapiga likembe za umeme zenye kunguruma. Mungurumo kama huo ni mugumu kubana, kwani haujirudii. Ukibanwa sana, unasikika kama maji.

Hatari kubwa ni kubana mara mbili. DJ anapokea MP3, anachanganya, anabana tena: hasara juu ya hasara. Kugeuza faili ya 128 kuwa 320 kunaongeza uzito tu, kilichotupwa hakirudi. Redio ya FM inaishia karibu kilohezi 15, kwa hiyo sauti nyembamba za juu kabisa hazifiki kwa musikilizaji hata hivyo. Lakini ngoma iliyokufa makali inasikika wazi.

Basi mwanamuziki atunze WAV ya kwanza mahali pawili. Akituma redioni, MP3 ya 320 inatosha: karibu mega 12 kwa dakika 5. Kwenye WhatsApp aitume kama dokima, si kuirekodi kama ujumbe wa sauti. Telefone ikiibiwa na imebaki paka nakala iliyobanwa, wimbo wa asili umekwenda nayo.