Taa ya Kuchaji: Hitilafu za Mfumo wa Chaji

Taa ya kuchaji ni taa ya kubebeka yenye betri ndani yake, inayojazwa umeme wa ukutani, wa paneli ya sola au wa chaja ya simu. Mfumo wake wa chaji una sehemu tatu: chanzo, saketi inayopunguza na kudhibiti umeme, na betri. Taa ikikataa kushika chaji, betri ndiyo hulaumiwa kwanza, hata pale ambapo ubovu uko kwenye waya uliokatika ndani ya ganda lake au lehemu iliyoachia. Kwa hiyo upimaji sahihi huanzia kwenye chanzo na kumalizia kwenye betri, mita ikiwa mkononi.

Taa za umeme wa ukutani

Taa na tochi nyingi za bei nafuu hutumia betri ya risasi na asidi ya volti 4, yaani seli mbili za volti 2. Betri ya aina hii ilibuniwa na Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859. Mara nyingi ndani ya taa hizi hakuna transfoma. Volti 230 za ukutani hupunguzwa na kapasita moja, kisha dayodi nne, kwa kawaida aina ya 1N4007, huugeuza mkondo geu kuwa wa upande mmoja.

Muundo huu una hatari ambayo kila mwenye bisibisi anapaswa kuijua: hakuna kinachotenganisha betri na umeme wa nyumba. Taa ikiwa kwenye soketi, waya wowote wa ndani unaweza kuua. Ichomolewe kabla ya kufunguliwa, na kapasita ipimwe kabla ya kuguswa, kwa kuwa isiyo na rezista ya kuiondolea umeme hubaki nao hata baada ya kuchomolewa.

Kapasita hiyo ndiyo pia chanzo cha hitilafu inayowachanganya mafundi. Iliyoandikwa 105J ina maikrofaradi 1, na kwa umeme wa volti 230 wenye hezi 50 hupitisha takribani miliampea 65. Betri ya miliampea-saa 900 huhitaji basi zaidi ya saa 13 kujaa. Kapasita inapozeeka, uwezo wake hupungua na mkondo hupungua nao, lakini kitaa chekundu cha chaji huendelea kuwaka kama kawaida. Mwenye taa huona inachaji usiku kucha na asubuhi inazimika upesi. Dawa ni kuweka kapasita mpya yenye thamani ileile, isiyopungua volti 400.

Betri yenyewe huharibika kwa njia mbili. Ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, fuwele za salfeti hukomaa juu ya bamba za risasi. Dalili yake ni volti kupanda haraka inapochajiwa na kuporomoka mara taa inapowashwa. Ikiachwa kwenye soketi siku nzima nzima, maji yake hukauka, kwani saketi hizi hazina kifaa cha kukata chaji.

Betri za lithiamu

Betri za lithiamu-ioni, zilizoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, zina volti 3.7 za kawaida na hujaa kwenye 4.2. Saketi ya ulinzi hufunga njia seli inapoisha mno, na mita husoma sifuri ingawa seli ingali hai. Mara nyingi kuiunganisha na chaja yake huifungua tena. Tundu la chaji likilegea, lehemu yake ikaguliwe kabla ya chochote kingine. Seli iliyovimba isichajiwe kabisa.

Lithiamu ya fosfati ya chuma, inayopendwa kwenye taa za sola kwa uimara wake, ina volti 3.2 na hujaa karibu na 3.6. Kuiweka mahali pa ile ya 3.7 bila kubadili saketi ni kosa kubwa, kwa sababu itajazwa kupita kiasi.

Betri za nikeli zina volti 1.2 kwa seli na ni nadra siku hizi.

Paneli ya sola

Paneli isiyounganishwa na kitu huonyesha volti karibu kamili hata mawingu yakiwa yametanda. Kinachoshuka ni mkondo. Anayepima volti peke yake huitangaza paneli kuwa nzima ilhali haichaji. Apime pia ampea, juani, bila kioo cha dirisha wala kivuli cha tawi. Waya hukatika zaidi karibu na plagi, unapokunjwa kila siku.

Matumizi

Taa hizi zimechukua nafasi ya kibatari na kandili katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Mradi wa Lighting Africa wa Kundi la Benki ya Dunia ulifanyiwa majaribio Kenya na Ghana, na upimaji wa ubora wa bidhaa za sola ulihamia chini ya jina VeraSol mwaka 2020. Nchini Kenya, kampuni ya M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza vifaa vya sola kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu.