Maji moto ya madini: matumizi ya tiba na usalama wake

Maji moto ya madini ni maji yatokayo chini ya ardhi yakiwa na joto, chumvi na gesi zaidi kuliko maji ya kisima au ya mto, na ambayo watu huyaogea, huyanywa au huvuta mvuke wake kwa nia ya kupona. Desturi hiyo ipo karibu kila penye chemchemi za namna hii: Kitagata nchini Uganda, Rustaq nchini Oman, Bath nchini Uingereza, Kusatsu nchini Japani. Sifa ya chemchemi kwa kawaida hutangazwa kwa madini yake. Hii ina salfa, ile ina magadi, nyingine ina chuma. Ushahidi uliopo unaelekea kwingine. Faida kubwa ya kuoga humo, na karibu madhara yote, hutokana na joto la maji, kina chake, muda ambao mwili umekaa ndani na usafi wa bwawa. Madini yana sehemu yake, lakini ni ndogo kuliko jina yalilojijengea, na mgonjwa anayechagua chemchemi kwa kuangalia madini peke yake anaacha kuangalia mambo yanayoweza kumuua.

Asili ya maji

Maji ya mvua huzama kupitia nyufa za miamba, hupata joto yakifika kina kirefu au yakipita karibu na mwamba ulioyeyuka, kisha hupanda tena juu yakiwa yamebeba chumvi ulizonazo mwamba wa njiani. Katika Bonde la Ufa joto hilo linatokana na volkano, na pembeni mwa Ziwa Bogoria maji hutoka yakichemka. Bath haina volkano; maji yake hutoka yakiwa na takribani nyuzi joto 46 za Selsiasi, zaidi ya lita milioni moja kwa siku, kwa sababu ya kina tu. Sheria ya chemchemi ya Japani ya mwaka 1948 inatosha kuonyesha jinsi suala la madini lilivyo legevu: maji hutambuliwa kuwa ya chemchemi ya moto yakiwa na nyuzi 25 au zaidi yanapotoka ardhini, au yakiwa na kiasi kilichowekwa cha kitu kimojawapo kati ya 19. Maji matupu yenye uvuguvugu yanatimiza sharti.

Kinachotibu

Mtu akiingia majini mpaka shingoni, maji humwinua, na miguu, nyonga na uti wa mgongo hubeba takribani sehemu moja ya kumi tu ya uzito wake. Kiungo kilichokakamaa kwa maumivu kinaweza kusogezwa bila kubeba mwili. Wakati huohuo uzito wa maji hubana miguu na tumbo na kusukuma damu kuelekea kifuani. Moyo hujaa zaidi, na mwili, ukidhani una maji mengi kupita kiasi, huamuru figo zitoe mkojo na chumvi. Joto nalo hupanua mishipa ya damu ya ngozi na kulegeza misuli. Mambo haya hutokea katika maji yoyote yenye kina na joto hilo, ya chemchemi au ya bomba, na ndiyo yanayoeleza kwa nini watu wenye baridi yabisi, maumivu ya mgongo na kusagika kwa maungio ndio wanaosifu chemchemi kuliko wagonjwa wengine.

Historia ya hospitali ya maji ya madini ya Bath ni ushahidi mzuri wa jambo hili, ingawa waanzilishi wake wangeshangaa kuusikia. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1742 kwa ajili ya maskini kutoka nje ya mji. Wenyeji hawakulazwa, kwa kuwa chemchemi ilikuwa mlangoni mwao. Miongoni mwa waliopokewa walikuwemo waliopooza mikono na miguu kwa sumu ya risasi: wapaka rangi, mafundi wa mabomba, na wanywaji wa pombe ya tufaha ya Devon, ambayo daktari George Baker alionyesha mwaka 1767 kuwa ilikuwa na risasi. Wengi wao walitoka na nafuu, na sifa ikaenda kwa madini. Majaribio ya miaka ya 1980 nchini Uingereza yalitoa maelezo mengine: mtu akikaa majini mpaka shingoni kwa saa kadhaa, mkojo huongezeka na risasi hutoka mwilini pamoja nao. Inawezekana kusema kwamba mgonjwa yule alipona kwa sababu tu alikuwa mbali na kazi yake na pombe yake, na hoja hiyo ina nguvu. Lakini maelezo yote mawili, ya figo na ya kuwa mbali na sumu, hayahitaji madini.

Kuhusu maungio, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane juu ya tiba ya kuoga maji ya madini, kwa baridi yabisi na kwa kusagika kwa maungio, yalikuta kwamba tafiti zilizopo ni dhaifu na hazitoshi kutoa hukumu thabiti. Hilo si sawa na kusema kwamba tiba haifanyi kazi. Ni vigumu mno kumficha mgonjwa kwamba yumo ndani ya maji, na waliokwenda mapumzikoni kwa wiki tatu hawawezi kulinganishwa kirahisi na waliobaki nyumbani wakilima.

Ngozi ndiyo mahali ambapo madini yanastahili sifa ya kweli, na ni haki kulisema. Salfa ni dawa ya zamani ya upele, na marhamu yake hutumika hadi leo. Bahari ya Chumvi, iliyo zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, huwapa nafuu wenye soriasisi kwa chumvi yake pamoja na jua linalochujwa na hewa nzito ya pale. Katika hali hizo dawa inagusa ugonjwa wenyewe. Dai kwamba chokaa au magnesiamu hupita kwenye ngozi nzima na kufika magotini ni jingine kabisa. Ngozi iliumbwa kuzuia maji yasipite.

Pingamizi linalotolewa mara nyingi ni la bima ya afya ya Ufaransa, ambayo hugharamia tiba ya chemchemi ya wiki tatu, yenye siku 18 za matibabu, kwa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari. Je, serikali ingelipia bure? Ukitazama kinacholipiwa, utakuta daktari anayemwona mgonjwa kabla na wakati wa tiba, maji yanayopimwa vijidudu, joto linalodhibitiwa na ratiba ya kila siku. Mfano wa Ufaransa unatetea utaratibu kuliko unavyotetea maji. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama ni joto na kina tu, mgonjwa si abaki nyumbani kwake? Kwa mwenye sinki la kuogea lenye urefu wa mtu, jibu ni ndiyo. Lakini anayeoga kwa ndoo na kata hawezi kuzama mpaka shingoni katika maji ya moto mahali pengine popote, na kwake chemchemi ya kijiji ni kifaa cha tiba kisichokuwa na mbadala. Ndiyo maana usalama wake una uzito Afrika Mashariki kuliko Ulaya.

Kusatsu

Maji ya Kusatsu ni makali ya asidi na hutoka yakiwa na joto lisilovumilika. Wenyeji hawayachanganyi na maji baridi. Huyakoroga kwa mbao ndefu mpaka yapoe. Huko palizuka pia desturi ya kuoga kwa zamu chini ya msimamizi, waogaji wote wakiingia pamoja kwa amri na kutoka baada ya dakika tatu hivi. Daktari Mjerumani Erwin Bälz aliyatangaza sana maji hayo mwishoni mwa karne ya 19, akisifu ubora wake. Kilichostahili sifa zaidi ni yule msimamizi mwenye saa.

Afrika Mashariki na Oman

Kitagata, katika wilaya ya Sheema, ina chemchemi mbili: Ekyomugabe, inayohusishwa na Mugabe, yaani mfalme, wa Ankole, na Mulago, yenye jina la hospitali kuu ya Kampala. Mtagata, katika eneo la kihistoria la Karagwe, ilikuwa maarufu kiasi kwamba msafiri Henry Morton Stanley, alipofika mwaka 1876, alikuta wagonjwa wa kutoka nchi mbalimbali wakioga. Tanzania ina pia salfa za Galanos karibu na Amboni, Tanga, na maji moto ya Songwe upande wa Mbeya. Rwanda ina Nyamyumba ufukweni mwa Ziwa Kivu, na Bugarama. Burundi ina Mugara. Nchini Oman, Ain al-Kasfah ya Rustaq hutoka ikiwa na nyuzi 45 hivi na huendewa na wenye maradhi ya ngozi na ya maungio. Hamamu za Kizanzibari, ile ya Kidichi na ile ya Hamamni iliyojengwa zama za Sultani Barghash, si za aina hii. Maji yake yalipashwa moto kwa kuni.

Hatari

Ya kwanza ni kuungua. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde tano hivi. Ya nyuzi 50 kwa dakika chache. Shirika la Afya Duniani linashauri mabwawa ya maji moto yasizidi nyuzi 40, ilhali chemchemi nyingi zilizotajwa hapo juu hutoka zikiwa na joto zaidi, na muogaji analazimika kwenda chini ya mkondo mpaka palipopoa. Kupima kwa kidole cha mguu ni desturi ya kawaida, na kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu ni desturi ya hatari: mguu hauhisi chochote huku ngozi ikiiva. Apime kwa kiwiko, au apimiwe na mwingine, na kipimajoto kikiwepo kitumike. Ukingo wa chemchemi inayochemka unaweza pia kuwa ganda jembamba juu ya maji, na anayesimama hapo asidhani kwamba kila kinachoonekana kama mwamba kitambeba.

Ya pili ni moyo na shinikizo la damu. Mishipa iliyopanuka kwa joto hushusha shinikizo, na mtu akiinuka ghafla damu hubaki miguuni, ubongo unakosa, naye huanguka, pengine ndani ya maji. Dawa za shinikizo la damu na pombe huzidisha hali hiyo. Dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa mtu mzima mwenye afya. Baada yake atoke polepole, akae na anywe maji safi. Mwenye moyo uliodhoofika, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo hivi karibuni, mwenye homa na mwenye kidonda kibichi wasiingie bila kauli ya daktari. Mjamzito, hasa miezi mitatu ya kwanza, aepuke maji yanayopandisha joto la ndani ya mwili kufikia nyuzi 39, kwa kuwa joto hilo limehusishwa na kasoro za uti wa mgongo wa mtoto. Japani iliondoa ujauzito katika orodha ya makatazo yake mwaka 2014, na hilo hutajwa kama ruhusa kamili. Kilichoondolewa ni katazo la maji ya madini, wala joto halikuondolewa katika fiziolojia.

Ya tatu ni vijidudu, na hapa imani kwamba maji ya madini hujisafisha yenyewe imegharimu maisha. Mwaka 1978 msichana aliyeogelea katika bwawa la kale la Kirumi huko Bath alifariki kwa Naegleria fowleri, ameba apendaye maji matamu yenye uvuguvugu, ambaye hupitia puani mpaka kwenye ubongo. Wanaoupata ugonjwa huo karibu wote hufa. Bwawa lilifungwa kwa waogaji, na tiba ilirudi mjini mwaka 2006 katika jengo jipya linalovuta maji yake kwa visima virefu. Ameba huyo hamdhuru anayemeza maji. Kinga yake ni kutozamisha kichwa na kutorusha maji puani, jambo ambalo watoto wanaocheza huhitaji kukumbushwa kila mara. Bakteria wa Legionella hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, hasa katika mabomba na mapipa ambamo maji huzungushwa tena na tena, na huleta homa kali ya mapafu kwa anayevuta matone yake. Mlipuko wa mwaka 2002 katika bafu moja la mji wa Hyuga, Japani, uliua watu saba. Konokono wa kichocho hawaishi katika maji ya moto sana, lakini pale mkondo unapopoa na kuchanganyika na mto kinga hiyo imekwisha.

Ya nne ni gesi. Haidrojeni salfidi, yenye harufu ya yai viza, ni nzito kuliko hewa na hujikusanya mabondeni na katika vibanda vilivyofungwa. Ikizidi, huua hisi ya kunusa kwanza, hivyo harufu ikipotea ghafla si dalili ya usalama. Desemba 2005 watu wanne wa familia moja walifariki karibu na chemchemi ya Doroyu, mkoani Akita, Japani, baada ya gesi hiyo kujikusanya katika shimo la theluji. Kibanda cha kujifukizia kiwe na uwazi chini na juu.

Kunywa

Sifa ya miji ya Ulaya ya Karlovy Vary na Vichy ilijengwa juu ya unywaji wa maji haya. Katika Bonde la Ufa desturi hiyo haifai kuigwa. Maji ya chemchemi nyingi za huko yana floridi kupita mno kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watu wa sehemu za Arusha na Kilimanjaro yanaonyesha kinachofanywa na floridi ikizidi. Ikiendelea, hupinda mifupa, yaani huleta maradhi yaleyale ya maungio ambayo mnywaji alikuja kuyatibu.

Radoni

Jáchymov, Ucheki, yalikotoka madini aliyoyachunguza mwanasayansi Marie Curie, hutoa tiba ya maji yenye radoni, gesi ya mionzi, tangu 1906. Radoni husababisha saratani ya mapafu.

Hali ya sasa

Nchini Kenya, kampuni ya umeme ya KenGen ilifungua mwaka 2013 bwawa la Olkaria karibu na Naivasha, linalotumia maji ya visima vya umeme wa jotoardhi baada ya kupoozwa katika mabwawa yanayofuatana. Japani inazitaka bafu zake zibandike ukutani vilivyomo katika maji na makatazo yake.