Fundi na Mkwaruzo: Asili ya Ubao wa Pedali za Gitaa

Wengi wenu mmewahi kuona, au mmesimuliwa na wazee wenu, habari za gitaa la debe: ubao mwembamba uliopigiliwa juu ya debe la mafuta, na nyuzi zilizofumuliwa katika waya wa breki ya baiskeli. Sauti yake hukwaruza, wala haina utulivu wa gitaa la dukani. Walakini kijana aliyelitengeneza hujua kuutumia mkwaruzo ule, na pengine wimbo wake usingependeza bila huo. Kisa nitakachowasimulia ni cha nchi za mbali, lakini nacho kilianza kwa chombo kibovu.

Katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee huko Marekani, palikuwa na studio ya muziki ndani ya banda la bati la mviringo, la namna ile iliyotumiwa na majeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Humo mwimbaji Marty Robbins alirekodi wimbo wake "Don't Worry", uliotolewa mwaka 1961. Mpiga gitaa Grady Martin alikuwa na gitaa la besi lenye nyuzi sita, nalo liliunganishwa na mashini ya kuchanganyia sauti. Ilipofika zamu yake ya kupiga peke yake, transfoma moja ndani ya mashini ile ilikuwa imeharibika. Badala ya sauti laini ya besi, ikatoka sauti ya kukoroma, kama nyuki wakubwa waliofungiwa ndani ya mtungi.

Basi hapo palikuwa na hukumu ya kukatwa. Kazi ya mhandisi wa studio ni kulinda usafi wa sauti. Kosa kama lile ni aibu kwake, na dawa yake ilikuwa nyepesi, kupiga upya. Lakini mkoromo ule uliachwa palepale. Wimbo ukatoka nao, ukapanda hata kileleni mwa orodha ya nyimbo za kantri, na wanamuziki wengine wakaja kuuliza sauti ile ilipatikanaje. Kwa bahati mbaya transfoma ikafa kabisa, sauti ikatoweka. Ndipo mhandisi Glenn Snoddy, pamoja na mwenzake Revis Hobbs, alipofanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ajali yenyewe: alikaa chini akachunguza ubovu ule ulikuwa wa namna gani, kisha akaujenga tena kwa makusudi kwa transista.

Huenda mwanafunzi akauliza, mkoromo huo ni nini hasa? Sauti ya uzi wa gitaa, ikigeuzwa kuwa umeme, hupanda na kushuka kama mawimbi ya bahari. Kila chombo cha kukuza sauti kina mpaka wake. Wimbi likikuzwa kupita mpaka huo, kilele chake hukatwa, kama mtu mrefu aingiaye katika nyumba yenye dari fupi akalazimika kuinama. Wimbi lililokuwa la mviringo huwa bapa juu na chini, na katika ubapa huo huzaliwa sauti nyingi za juu ambazo hazikuwamo mwanzoni. Masikio yetu huzisikia kama mkwaruzo.

Wengine walikuwa wameufikia mkwaruzo huo kwa njia za ukali zaidi. Link Wray alizitoboa spika zake kwa penseli kwa ajili ya "Rumble" ya mwaka 1958. Na Mwingereza Dave Davies alizichanja kwa wembe mwaka 1964. Hatuna haja ya kuwaiga, maana spika ni ghali!

Chombo cha Snoddy kilinunuliwa na kampuni ya Gibson, kikaanza kuuzwa mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Kilikuwa kisanduku cha chuma chenye umbo la kabari, chenye transista tatu za gerimani na betri mbili ndogo, na juu yake kitufe cha kukanyaga. Kampuni iliwaambia wanunuzi kwamba gitaa litaweza kulia kama tarumbeta na vyombo vingine vya kupuliza. Wenye maduka wakaagiza visanduku zaidi ya 5,000, visanduku vikakaa rafuni. Miaka miwili iliyofuata havikununuliwa ila kwa nadra. Nani angetaka kulipa fedha ili gitaa lake lisikike bovu?

Jibu likaja mwaka 1965. Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alitumia chombo hicho katika "(I Can't Get No) Satisfaction". Yeye mwenyewe alikusudia iwe kama rasimu tu, kuonyesha mahali ambapo baadaye wapiga tarumbeta wangewekwa. Wapiga tarumbeta hawakuwekwa. Wimbo ukaenea duniani, na visanduku vyote vilivyolala madukani vikaisha.

Tangu hapo mafundi wakatokea kila upande. Mjini London, Gary Hurst alitengeneza Tone Bender mwaka 1965. Roger Mayer, aliyekuwa akifanya utafiti wa sauti kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza, aliwatengenezea wapiga gitaa visanduku kwa mikono yake, na mwaka 1967 alimpa Jimi Hendrix kile kiitwacho Octavia, kipandishacho sauti daraja nane juu. Husikika katika "Purple Haze".

Sasa pedali zilikuwa nyingi, na wingi ukaleta taabu zake. Mpiga gitaa alizitandaza sakafuni, akizifungamanisha kwa nyaya. Mwenzake akipita hujikwaa. Betri moja ikifa katikati ya wimbo, sauti yote hukatika, wala hajui ni ipi iliyokufa. Ndiyo sababu ya kubuniwa ubao wa pedali. Katika miaka ya 1970 Mwingereza Pete Cornish aliwatengenezea wanamuziki, miongoni mwao David Gilmour wa Pink Floyd, mbao kubwa zilizokusanya kila kitu mahali pamoja. Wasio na fedha za kumwajiri fundi wakajitengenezea wenyewe. Katika zama za karibu walipenda sana rafu ya mbao iitwayo Gorm, iliyouzwa na duka la Ikea la Sweden kwa kuwekea vitu vya stoo. Mbao zake zina nafasi kati yake, na nyaya hupita humo.

Ubao wenyewe ni useremala mwepesi. Kazi ngumu ni mpango. Pedali ya mkoromo huwekwa karibu na gitaa, na ile ya mwangwi huwekwa mwisho. Ukigeuza, mwangwi wote huingia katika mkoromo, nao huchafuka kama rangi zilizomwagikiana. Nyaya nazo ziwe fupi, kwa kuwa umeme wa gitaa ni dhaifu, na waya mrefu humeza sauti za juu. Umeme wa volti 9 ndio utumikao katika pedali nyingi, nao hauna hatari. Bali umeme wa ukutani, wa volti 240, si wa kuchezewa na mwanafunzi. Pedali nyingi zikinywa umeme katika chanzo kimoja pengine huvuma pamoja, na fundi anaweza kupoteza siku nzima akiusaka mvumo huo, akichomoa moja na kurudisha nyingine.

Tena kuna jambo la gerimani. Transista za madini hayo hazifanani, hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja, na joto hubadilisha mwendo wake. Pedali iliyoimba vizuri asubuhi ya baridi huweza kukohoa jioni chini ya taa za jukwaani. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, viwanda vilianza kuhamia silikoni, isiyosumbuliwa hivyo na joto. Hata hivyo wako wanaoshikilia kwamba sauti ya gerimani haina mfano. Ukimkuta mmoja wao mezani pake, ana chuma cha kulehemu mkononi na redio ya transista ya zamani imefunguliwa mbele yake, usidhani anaitengeneza redio hiyo. Anazitoa transista zake moja moja, anazipima, na nyingi anaziweka kando.