Kioo Kimoja, Picha Tatu

Mwanafunzi mmoja aliniuliza siku moja kama ulimwengu wa babu zetu ulikuwa na rangi. Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka. Picha nyingi za kale ni nyeusi na nyeupe, na jicho huzoea kile linachoonyeshwa.

Tarehe 17 Mei, 1861, mtaalamu wa Scotland, James Clerk Maxwell, alisimama mbele ya wasikilizaji wake huko London akawaonyesha picha ya utepe wenye rangi nyingi. Hakupaka rangi yo yote. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa ameupiga picha utepe ule kwa kupitisha mwanga katika vimiminiko vya rangi: nyekundu, kijani na buluu. Kila picha ilitoka nyeusi na nyeupe, nayo ilishuhudia rangi moja tu. Zilipomulikwa pamoja ukutani, kila moja kwa mwanga wa rangi yake, utepe ukatokea na rangi zake. Ajabu ni kwamba dawa za picha za siku hizo hazikuweza kuuona mwanga mwekundu. Mwaka 1961 ndipo ilipobainika kuwa kitambaa chekundu kilirudisha pia miali ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, nayo ikaingia katika picha mahali pa nyekundu. Maxwell alikuwa na hoja ya kweli, na bahati pia.

Mrusi mmoja, Sergei Prokudin-Gorskii, aliifuata njia hiyo. Kuanzia mwaka 1909 hata 1915 alizunguka katika nchi za Kaisari Nicholas II, akisafiri katika behewa la reli lililotengenezwa liwe chumba chake cha giza. Juu ya kioo kimoja kirefu alipiga picha tatu, moja baada ya nyingine. Alihama Urusi mwaka 1918, akafa Paris mwaka 1944. Na mwaka 1948 Maktaba ya Bunge la Marekani ikanunua vioo vyake, vipatavyo 1,900.

Kompyuta ndiyo iliyovifungua. Katika programu za picha kila nukta hupewa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Na kila rangi ina chaneli yake. Namba zote zikiwa 0, nukta ni nyeusi. Zote zikiwa 255, ni nyeupe. Nyekundu na kijani zikijaa bila buluu, hutokea manjano. (Wanafunzi hukataa jambo hili, kwa kuwa wamezoea rangi za kupaka, mwanga una sheria yake.) Basi picha tatu za kila kioo zilitiwa katika chaneli tatu, zikapangwa zilingane, na mwaka 2001 Maktaba ikazionyesha nyingi.

Ziko pia programu zinazozipaka rangi picha za kale kwa kukisia tu. Mwanahistoria asizichanganye na hizi. Joho la buluu la Amiri wa Bukhara, lililopigwa picha mwaka 1911, halikubuniwa na mtu. Namba zake zilitoka katika kioo. Tena kioo hakikuficha udhaifu wake: palipo na mto, maji yalitembea kati ya picha moja na nyingine, na juu ya mawimbi twaona hadi leo mabaka mekundu, ya kijani na ya buluu.