Tumbaku Iliyojenga Chuo

Watu wengi hudhani kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu huanza kuvuta sigara kwa majivuno ya elimu tu. Lakini habari za mji wa Durham, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, zatuonyesha ya kuwa vijana wale walitafutwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, mkulima mmoja, jina lake Washington Duke, alirudi shambani kwake akaanza kuuza tumbaku. Baadaye mwanawe James akageukia sigara. Siku zile zilisokotwa kwa mkono, na fundi hodari alipata kama 3,000 kwa siku. Hata mwaka 1884 James akaweka mashine ya Bonsack, iliyoweza kutoa 120,000 kwa siku moja. Basi, wingi huo wote ulihitaji wavutaji wapya.

Nao hawakuwa wachoyo. Chuo cha Wamethodisti kiitwacho Trinity kilihamia Durham mwaka 1892 kwa msaada wa mzee Washington, naye mwaka 1896 akakipa dola 100,000, kwa sharti kwamba wasichana wapokewe sawasawa na wavulana. Sharti jema, nasi twalisifu! Mwaka 1924 James akatenga dola milioni 40 kwa chuo hicho na kazi nyingine za rehema, nacho kikaitwa Duke.

Katika vyuo vya Marekani makampuni ya sigara yaligawa sigara bure, yakawalipa wanafunzi wengine wawe mawakala kati ya wenzao, na magazeti ya wanafunzi yakaishi kwa fedha za matangazo yao. Mtu akipewa bure na rafiki yake, atakataa kwa neno gani? Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha kwamba sigara na kansa ya mapafu hufuatana, lakini ugawaji ule haukukoma. Ni mwaka 1963 tu makampuni yalipokubali kuacha matangazo ya vyuoni, na Januari 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akatangaza kwamba sigara huleta kansa hiyo. Wale waliogawiwa ujanani walikuwa wamekwisha kuwa wazazi, wala kuacha hakukuwa rahisi.

Tangu Julai 2020 chuo cha Duke kimekataza sigara katika viwanja vyake. Mbele ya kanisa la chuo ingali imesimama sanamu ya James, biri mkononi.