Soketi Kwanza, Bodi Baadaye

Kompyuta ya gemu ikijizima ovyo hapa Chake Chake, kijana mwenyewe huwa keshafanya yote aliyoyaona YouTube kabla hajaileta kwangu. Keshafuta Windows akaweka nyingine, keshachomoa ramu akazisugua kwa kifutio, keshapaka dawa mpya ya joto juu ya prosesa. Mimi humuuliza nyumba yao iko wapi na mashine huzima saa ngapi. Wengine hukasirika, huona nawapotezea wakati. Maswali hayo sikuyabuni mimi. Nimeyarithi kwa ami yangu, fundi redio, naye alifundishwa na Wesha.

Wesha ndiko yalikokuwa majenereta ya dizeli yaliyoiwasha Pemba kwa miaka mingi hadi 2010. Unguja ilipata waya wa chini ya bahari tangu 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Sisi tulibaki na mafuta ya kuletwa kwa meli. Ikifika magharibi, kila nyumba ikiwasha, umeme ulikuwa mdogo: taa inapiga wekundu, feni inajivuta, friji inanguruma wala haigandishi. Kisha unakatika. Na hapo ndipo ami aliposubiri wateja wa kesho yake, kwani kilichoua vyombo hasa ni kurudi kwa umeme, unaporudi kwa kishindo.

Kazi yake ilianzia kwenye redio, zilizoenea visiwani tangu Sauti ya Unguja ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951. Zikafuata televisheni. Tusisahau kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara wakangoja mpaka 1994. Kompyuta ndizo zilizochelewa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na marufuku hayo hayakulegea sawasawa mpaka miaka ya tisini. Zilipoanza kufika Pemba, nyingi zikiwa kuukuu za maofisini, hapakuwa na aliyezisomea skuli. Zikapelekwa kwa yuleyule wa televisheni. Naye akazitibu alivyojua: pima umeme unaoingia, pima saplai, tazama kapasita zilizovimba kichwa, na bodi iwe ya mwisho.

Mwezi Juni 2010 waya wetu ulizinduliwa, kutoka Tanga hadi Ras Mkumbuu, volti 33,000, uwezo wa megawati 20, kwa msaada mkubwa wa Norway. Nina furaha kidogo ya kichokozi hapa: miezi michache kabla ya hapo, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa Unguja ulipoharibika, wenzetu wa mjini walikaa gizani na sisi wa shamba tulikuwa na majenereta yetu. Baada ya waya, wengi waliona stabilaiza, kisanduku cha kusawazisha volti, ni mzigo tu wa mezani. Umeme kweli ulitengemaa. Lakini nyumba iliyo mbali na transfoma, mwisho wa laini, bado huujua umeme mdogo wa magharibi.

Na mashine nazo zimebadilika. Juzi ililetwa moja ya kawaida kabisa kwa siku hizi: kasha na bodi ya kompyuta kuukuu ya ofisini, saplai yake ya wati 240, na ndani yake kadi ya picha GTX 1060 ambayo mjomba wa kijana mwenye mashine aliitoa Dubai. Kadi ile peke yake hula mpaka wati 120, na Nvidia wenyewe wanashauri saplai ya wati 400. Mtandaoni haina neno, filamu haina neno. Akianza gemu ya mpira tu, dakika chache, kioo cheusi, inajiwasha upya. Kioo cha buluu hakuna. Ndani ya Windows kumeandikwa Kernel-Power 41, kijana akadhani ndilo jina la ugonjwa. Maana yake ni kuwa mashine imezimika bila kuagwa.

Kioo cha buluu kingenipeleka kwenye ramu au draiva. Mashine inayopunguza kasi taratibu ingenipeleka kwenye joto na vumbi, au chumvi ya hewa yetu inayotafuna miguu ya feni. Kuzima kwa ghafla mzigo ukipanda kunanipeleka kwenye saplai. Nikaweka mita kwenye waya wa njano, ule wa volti 12, gemu ikiwa inakwenda. Kiwango kinaruhusu kushuka mpaka 11.4. Ule ulizama chini ya hapo, mashine ikafa mbele yetu. Nikamtilia saplai ya wati 500 ya kuazima, akacheza mpaka akachoka, mchana. Alipoirudisha kwao, magharibi yake ikazima tena mara moja, kwa kuwa volti za ukutani zilikuwa chini mno. Stabilaiza ndiyo iliyomaliza kesi.

Basi vijana wa msimu huu, wenye fedha za karafuu mkononi na hamu ya kadi kubwa: nunueni saplai ya kweli na stabilaiza kwanza. Kadi itafuata msimu ujao.